Bwana Jordbro wa Chastrelles

Hotuba ya Mwalimu Veronica Haule katika hafla ya kumuaga Bi Emérithe Lutaaya, Jordbro, Stockholm, mwezi wa Oktoba

Mheshimiwa Alma Rouvière, Meya wa Komini ya Chastrelles kule Ufaransa; Mzee Petero Lutaaya, unayeuwakilisha ukoo mbele yetu; Mwenyekiti wa Umoja wetu, Ndugu Bethuel, pamoja na kamati yako; wachungaji na masheikh mliotuombea dua tulipoanza; Ndugu wageni waalikwa mliotoka Rinkeby, Rågsved na kote ambako treni imewaleta; watoto wangu niliowafundisha, ambao sasa mna ndevu na mikopo ya nyumba lakini mkiniona bado mnaficha chingamu; na wewe Emérithe, ambaye leo umekatazwa kuingia jikoni na kila nikigeuka nakuona unachungulia kulekule: nawasalimu nyote, kila mwenye cheo kwa cheo chake, na asiye nacho kwa utu wake.

Mwenyekiti amenipa robo saa, na hivi nimemaliza salamu tu, ameshaanza kuitazama saa yake. Bethuel, nimefundisha watoto wa mji huu tangu nywele zako zikiwa nyeusi, na kengele haijawahi kunitisha. Utanivumilia.

Kwa wale ambao ni wageni humu ndani, niseme tunamuaga nani. Emérithe amestaafu mwezi uliopita. Amewahudumia wazee wa Rågsved kwa muda mrefu kiasi kwamba wapo aliowalisha uji mama zao, na baadaye akaja kuwalisha wao wenyewe. Wiki ijayo anahama Stockholm. Harudi Bujumbura alikozaliwa, wala haendi Masaka kwa wakwe zake. Anakwenda kuishi katika kijiji cha Ufaransa ambacho wengi wenu bado hamjaweza kukitamka, maana nimewasikia mezani: wengine Shastareli, wengine Kastreli, na ndugu mmoja wa Kikenya, sitamtaja jina ila Wangari anajua kuwa ni mume wake, anakiita kama mafuta ya injini. Huko ndiko alikozikwa mume wa Emérithe, ndugu yetu Aaron Lutaaya.

Na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mbona mama mwenye binti na mjukuu hapahapa, mwenye pensheni yake, mwenye nafasi yake katika kila harusi yetu na kila msiba wetu, aondoke akakae na marehemu? Je, anatukimbia? Je, tumemkosea? Nimeyasikia hayo kwenye treni, nimeyasikia baada ya ibada, nimeyasikia dukani Rinkeby nikichagua ndizi. Sitajifanya kiziwi. Leo nitayajibu kwa sababu ni maswali ya haki, na pia kwa sababu yupo mtu mmoja humu ndani ambaye kwake maswali hayo si porojo za kupitisha muda.

Niruhusuni nianze na neno, maana mimi ni mwalimu wa lugha na siwezi kuanza na kitu kingine. Neno lenyewe ni "komini". Ndugu zetu wa Burundi na Kongo wakilisikia, wanaona wilaya nzima, yenye ofisi, askari, soko na watu kwa malaki. Sisi tuliozoea huku tukisikia Waswidi wakisema "kommun", tunaona Haninge yetu hii, tunaona jengo kubwa, foleni, na mtu nyuma ya kioo anayejua watoto wako wamechanjwa lini. Kwa hiyo Emérithe alipotangaza kwamba Meya wa komini anakuja mwenyewe, kamati ilifanya wanachofanya watu wenye adabu. Ikatenga meza ndefu kwa ajili ya msafara. Ndugu Umar akavaa suti, akaenda uwanja wa ndege na gari la kukodi lenye viti vingi, akasimama na bango. Alikuwa akimngoja Meya, na wasaidizi wake, na walinzi wawili watatu, na mpiga picha. Abiria wakatoka, wakaisha. Akabaki mama mmoja mwenye koti la mvua na begi la mgongoni linalonukia jibini, amesimama mbali, anasoma bango lenye jina lake na kuogopa kulisogelea, kwa sababu maishani mwake hajawahi kuandikiwa "Mtukufu".

Mheshimiwa, tusamehe. Ile meza yenye kitambaa cheupe, ambayo sasa watoto wameimwagia soda, ilikuwa ya msafara wako. Ivan, wewe unayemnong'oneza Meya kwa Kifaransa, mtafsirie. Ndiyo, na la jibini pia.

Mimi mwenyewe nilifika Chastrelles kiangazi kilichopita, nikimsindikiza Emérithe, na nataka mpate picha ya mahali tunapompeleka dada yetu. Komini ile yote ni kijiji kimoja juu ya kilima na mashamba yanayokizunguka. Nyumba ni za mawe, na nyingi madirisha yake yamefungwa kwa mbao tangu wenyewe wafariki au wahamie mijini. Waliobaki hawazidi sana mia moja, na wengi wao ni watu wa umri wangu na kupita. Wanafuga mbuzi, wanatengeneza jibini, wana miti ya jozi. Duka hakuna. Mkate unaletwa na gari linalopiga honi Jumanne na Ijumaa, na honi ikilia wazee wanatoka mmoja mmoja na mikoba yao, wananunua, halafu hawaondoki. Wanasimama pale wakizungumza mpaka gari lishuke kilima na kupotea, kwa sababu mkate haukuwa kitu pekee walichokuwa wakikingojea.

Shule yao ilifungwa watoto walipokwisha. Ofisi ya Meya ni chumba kimoja cha shule hiyo, na asubuhi usimtafute Meya ofisini, yuko na mbuzi wake. Mbele ya ofisi kuna mnara wa vijana wa kijiji waliokufa katika zile vita mbili kubwa. Niliyasoma majina yote pale, yamechongwa vizuri, ukoo kwa ukoo. Ni mengi kuliko watoto utakaowakuta kijijini leo. Nikaanza kuelewa kitu kuhusu watu wale. Hawana benki, hawana daktari, padri wao huja akipata nafasi, lakini hawaachi jina la mtu lipotee. Kila tarehe mosi Novemba, siku ya Watakatifu Wote, kijiji kizima hupanda makaburini na maua. Meya husimama langoni na kusoma majina ya wote waliolala pale, na kila jina likisomwa jamaa wa marehemu huitikia: "Yupo kwetu." Asiye na jamaa, kijiji kizima humuitikia.

Sasa niseme Aaron alifikaje huko.

Mnaikumbuka ile baridi ya korona, mipaka ilipofungwa na sisi tukawa tunazika watu wetu kupitia simu. Aaron alikuwa dereva wa lori, akichukua mizigo kwenye maghala ya hapahapa Jordbro na kuipeleka mpaka Uhispania. Malori yalikuwa bado yanaruhusiwa, kwa kuwa watu walipaswa kula. Siku ile theluji ikafunga barabara kuu, akaelekezwa njia ya milimani. Akasimama Chastrelles afunge minyororo kwenye matairi. Akajisikia vibaya. Akaketi kwenye ngazi za ofisi ya Meya. Na huyu mama mliyemwona leo akila pilau kwa uangalifu mkubwa, akiutenga kila mdalasini pembeni ya sahani, ndiye aliyekuwa akifunga mlango wa ofisi ile.

Hakujua Kiswidi, wala Kiganda, wala Kiswahili. Aaron hakujua Kifaransa. Meya alivua koti lake akamfunika. Akapiga simu. Akaketi naye kwenye ngazi, akamshika mkono, wakati ambao sisi wengine tulikuwa tumekatazwa kushikana mikono hata na ndugu zetu. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali na theluji ilikuwa nyingi. Aaron alifariki palepale, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mtu.

Nalisema hili taratibu kwa makusudi. Ni wangapi humu ndani mlioondokewa na mzazi mwaka ule, na mpaka leo hamjui kama alikuwepo mtu karibu yake? Mheshimiwa Alma, kwa mkono wako tu, tungekutengea meza ya msafara kila mwaka, uje au usije.

Ndege za kubeba mwili hazikupatikana. Ukoo kule Masaka ulimtaka mtoto wao, na ulikuwa na haki. Binti yake, Clare, alimtaka baba yake hapa Stockholm, mahali ambapo angeweza kufika kwa treni siku ya Jumapili, na alikuwa na haki. Lakini mwili haungojei mipaka. Na kule Ufaransa wana sheria ambayo mimi sikuijua: mtu akifia ndani ya komini, ana haki ya kuzikwa ndani ya komini hiyo, awe mwenyeji au mpita njia. Afisa wa mjini alipopiga simu kuuliza marehemu huyu mgeni ni wa wapi, Meya alimjibu kwa maneno mawili ya Kifaransa, na Ivan amenihakikishia kwamba maneno hayo yamejengwa kama neno letu "kwetu". Hayataji nyumba wala hayataji nchi. Alisema: ni wa kwetu.

Ardhi ile ilitolewa kwa miaka mitano, na miaka hiyo inaisha baridi hii. Baada ya hapo komini inaweza kulichukua eneo la kaburi. Halmashauri yao ndogo ikaketi, ikaamua kwamba Aaron haondolewi. Wakaamua pia kwamba msalaba wa mbao uliooza chini ubadilishwe, uwekwe wa jiwe. Likumbukeni hilo jiwe. Nitalirudia.

Emérithe amekuwa akienda kila Novemba. Mwaka wa kwanza alibeba maua kutoka hapa, akakuta kaburi limeshafagiwa na maua yapo. Mwaka wa pili vilevile. Akauliza ni nani, akaonyeshwa bibi mmoja anayetembea kwa mkongojo, asiyeweza tena kuinua mikono kuosha nywele zake mwenyewe, lakini kaburi la mgeni analifagia. Mnamfahamu Emérithe. Je, mnadhani alisema asante akaondoka? Alikunja mikono ya sweta, akachemsha maji, akamuosha bibi yule nywele. Mwaka uliofuata walikuwa wanamngojea watatu. Sasa wamemsafishia vyumba vya mwalimu juu ya ile shule iliyofungwa, na Meya amempa kazi, ile ile anayoijua. Nilipomuuliza kama kweli anataka kumalizia umri wake akilinda kaburi, alinijibu kwa Kiswahili chake cha Buyenzi, mtaa wake kule Bujumbura: "Mie siendi kulinda kaburi, Mwalimu. Kaburi halikimbii. Mie naenda kwa wale wanaolifagia."

Huyo ndiye tunayemuaga. Hajawahi kuwa kiongozi wa Umoja huu. Kila uchaguzi tulimpendekeza, na kila uchaguzi alikuwa jikoni. Lakini niambieni, ni mgonjwa gani wetu aliyelazwa asimuone mlangoni na chupa ya chai? Ni mzazi yupi humu aliyejifungua akaamka asimkute ameshafua nepi? Wenye vyeo tutapata wengine, Mwenyekiti, usinune. Kumpata mwingine wa kusimama mlangoni na chai itatuchukua muda.

Na sasa nakuja kwako, Clare.

Wiki mbili zilizopita, Clare alinisubiri kituoni hapa Jordbro. Akaniambia: Mwalimu, Mama anakusikiliza wewe. Mwambie abaki. Mwambie mbele ya watu, hataweza kukataa. Alisema kwa Kiswidi, kwa sababu maumivu hutoka kwa lugha yaliyozaliwa nayo. Nilimwahidi kwamba nitasema, na mimi ahadi kwa mwanafunzi siivunji. Kwa hiyo, Emérithe, sikiliza. Binti yako anasema baki. Anasema Kirabo bado mdogo, na wewe ndiye unayemchukua shuleni, na jioni anauliza Bibi anakwenda kwa nani. Anasema kijiji kile kilimchukua baba yake hata hakupata kumuaga, na sasa kijiji kilekile kinakuja kumchukua mama yake. Hajawahi kukanyaga huko. Mwanzoni alizuiwa na mipaka, na mipaka ilipofunguliwa akakataa mwenyewe. Aliniambia: "Baba yangu hajazikwa, Mwalimu. Amesimama njiani tu."

Msikohoe kohoe, wala msivute viti. Ni maneno mazito na ana haki ya kuyasema. Nimeyafikisha kama nilivyopewa.

Lakini nilipokuwa nikiyaandaa nilikumbuka siku moja darasani, na lazima niisimulie. Clare alikuwa na miaka minane. Baba yake Mganda, mama yake Mrundi, na lugha iliyowakutanisha nyumbani ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo shule ilimleta kwangu kwenye somo la lugha ya mama, akasome lugha ambayo haikuwa ya mama yake wala ya baba yake, ila ilikuwa ya wao wawili wakiwa pamoja. Mimi nikimuuliza kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiswidi. Siku hiyo nilikuwa nafundisha neno "kwetu". Nikawaambia watoto waandike sentensi moja: Kwetu ni mahali fulani. Wengine wakaandika Kisumu, wakaandika Bukavu, wakaandika Kampala, miji ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Clare akaandika: "Kwetu ni Jordbro."

Wazazi walikuwa wamekuja kuwachukua, wamesimama mlangoni, na walipomsikia akiisoma wakacheka sana. Aaron alikuwa miongoni mwao, ametoka kazini, bado ana ile fulana ya kung'aa yenye kitambulisho kifuani. Nikamuuliza: Baba Clare, tumsahihishe aandike Masaka? Mkumbuke Aaron alikuwa nani. Alitoka Uganda kijana, kwa miguu, akakaa Nairobi bila karatasi, na katika kila mpaka na kila ofisi aliulizwa swali moja: kwenu wapi? Akaichukua karatasi ya mtoto, akaitazama. Hakucheka. Akasema: "Wacha hivyo hivyo, Mwalimu. Ni kweli."

Clare, kuna jambo ambalo mama yako hakuwahi kukuambia, na hata Mzee Petero hakuambiwa mpaka wiki jana. Siku ile kwenye ngazi, Meya alimuuliza baba yako jina lake. Alimuuliza kama tunavyomuuliza mtu anayefifia, ili asilale. Kifuani kwenye kitambulisho aliona "Aaron". Akataka na la pili. Akauliza, akauliza tena. Na baba yako akajibu, zaidi ya mara moja, mpaka Meya akalisikia vizuri. Alisema: "Jordbro."

Sisi tunajua alikuwa akijibu nini. Alikuwa akijibu lile swali aliloulizwa maisha yake yote. Lakini huyu ni mfugaji wa mbuzi wa Chastrelles. Angejuaje kwamba Jordbro ni kituo cha treni, maghala, na ghorofa yenye baraza inayotazama msitu? Alidhani ni jina la ukoo. Karatasi halali zilikuwa bado mjini kwa maofisa, na seremala wa kijiji hakutaka mtu azikwe bila jina. Mama yako alipofika, peke yake, kwa kibali maalumu, alikuta msalaba umeshasimikwa. Umechongwa kwa mkono, kwa herufi kubwa: AARON JORDBRO.

Mkwe wa akina Lutaaya akasimama mbele ya msalaba ule. Mzee Petero, najua, na Waganda wote humu mnajua, kwenu jina ni ukoo wenyewe, na mtu kulala chini ya jina lisilo lake si jambo la kucheka. Emérithe alilijua hilo. Lakini watu wale walikuwa wamesimama kwenye theluji, kofia mikononi, wakimtazama usoni waone kama wamefanya sawa. Akawaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Akarudi Stockholm, akaibeba siri hiyo miaka yote kwa kuogopa kuuumiza ukoo na kukuumiza wewe. Na kule, tangu siku ile, baba yako ni Bwana Jordbro. Mama yako wanamwita Bibi Jordbro. Mimi nilipofika na kuuliza kijiji kina watu wangapi, mzee mmoja alihesabu kwa vidole nyumba hadi nyumba, halafu akaongeza: na Bwana Jordbro. Kila Novemba Meya anasoma: Aaron Jordbro. Na wanaitikia: Yupo kwetu.

Mwaka huu, kwa ajili ya lile jiwe, Emérithe alimweleza Meya ukweli. Meya alilia. Alitaka kurekebisha siku hiyohiyo. Emérithe akamwambia angoje. Akaja kwako, Mzee Petero, akapiga magoti, akakueleza yote. Halafu ulisema neno moja, na kwa neno hilo nakuinamia mbele ya hadhara hii. Ulisema: "Muulizeni mtoto."

Kwa hiyo Meya hakuja kumchukua mama yako, Clare. Mama yako njia anaijua. Amekuja kuchukua jina, kwa sababu jiwe liko tayari na mchongaji anangoja. Mama yako alitaka akuulize mwenyewe, lakini kila akiitaja Chastrelles wewe unatoka chumbani. Ndiyo maana ameniomba nikuulize mimi, mbele ya watu, kama nawe ulivyoniomba nimwambie yeye mbele ya watu. Mmefanana hivyo ninyi wawili.

Baba yako aandikwe nani? Lutaaya ni jina lake la haki, ni jina la babu yako, na ukilichagua hapatakuwa na mtu wa kukulaumu, na Meya mwenyewe atafurahi. Si lazima ujibu leo. Mheshimiwa anasema mchongaji ni binamu yake, anaweza kungoja.

Unasimama? Mpisheni. Kirabo, mwachie mama mkono apite. Umar, sogeza hicho kiti. Sema kwa sauti, binti yangu, wa nyuma nao wasikie.

Rudia.

Ndugu zangu mlioko nyuma, pengine hamkusikia. Amesema: "Wacha hivyo hivyo, Mwalimu. Ni kweli."

Hakusema kwa Kiswidi. Na amesema "wacha", kama baba yake. Ninyi mliopita darasani kwangu mnajua neno hilo nimelikatia mstari mwekundu katika madaftari yenu yote, nikaandika "acha". Leo sisahihishi mtu.

Ivan, mwambie Meya. Taratibu, mwambie vizuri. Naona Mzee Petero anaitikia kwa kichwa. Na hayo ambayo Clare anamwambia mama yake sikioni sasa hivi ni ya kwao wawili, tugeuze nyuso.

Mheshimiwa Alma, tarehe mosi Novemba utakapofika kwenye jina hilo, usome kwa sauti na usiharakishe. Nadhani mwaka huu utaitikiwa na sauti tatu za Jordbro, na moja yao ni ya mtoto. Emérithe, nenda salama, dada yangu, na jikoni sasa unaruhusiwa, nenda kanawe uso. Mwenyekiti, robo saa yako nimeila yote na ya wenzangu. Asanteni kwa kunisikiliza mimi, na asanteni zaidi kwa kumsikiliza yeye.